Kigugumizi si Ugonjwa wa Ulimi

Kamati ya Chama cha Kiswahili ilinipa kazi ya kuandika ukurasa wa mafunzo mwaka huu, na mada niliyopewa ni sauti za Kiswahili, maanake tulizisoma kidato cha kwanza na sasa wengi wetu tumezisahau. Nimeikubali kazi hiyo lakini nitaifanya kwa njia yangu. Nitazungumzia sauti zinapogoma kutoka, yaani kigugumizi, na vile wataalamu wa tiba ya usemi wanavyomsaidia mwenye kigugumizi siku hizi. Sababu yangu mnaijua. Yeyote aliyewahi kunisikia nikijibu rejista asubuhi anajua kuwa hali hii ninayo, na sikuipata jana.

Tuanze na somo lenyewe. Mtakumbuka kwamba tuna sauti ziitwazo vipasuo: /p/ na /b/ za midomo, /t/ na /d/ za ufizi, /k/ na /g/ za kaakaa laini. Ili kutamka kipasuo, hewa kutoka mapafuni huzuiwa kabisa, halafu huachiliwa ghafla. Kwa msemaji wa kawaida jambo hilo huchukua muda mfupi sana hata halijui. Sasa fikiria hewa imezuiwa, midomo imefungwa, na amri ya kuifungua haifiki. Huko ndiko kukwama. Sekunde moja, mbili, pengine tano. Kigugumizi kina sura nyingine mbili ambazo watu wanazijua zaidi: kurudia, kama mtu anaposema ka-ka-ka-kalamu, na kuvuta, kama katika sssssabuni. Lakini ni kule kukwama kunakoleta balaa darasani, kwa sababu hakuna sauti. Mwalimu akiuliza swali ukanyamaza sekunde nne, yeye huona mwanafunzi asiyejua jibu. Swali hupita kwa jirani yako, naye hutoa jibu lile lile ulilokuwa nalo mdomoni.

Watu wengi hudhani kosa liko kwa ulimi. Ati ulimi ni mzito, ama umefungwa na kale kauzi ka chini. Sivyo. Kama ulimi ungekuwa na kasoro, ungekuwa nayo saa zote. Mwenye kigugumizi huimba bila shida. Akiwa peke yake akizungumza na mbuzi au mtoto mchanga, mara nyingi maneno humtoka sawasawa. Na jambo la ajabu kuliko yote ni hili: akisoma pamoja na wengine kwa sauti moja, kigugumizi karibu kinatoweka. Wale mlio nami katika kundi la kukariri shairi la tamasha la muziki mmelishuhudia. Hakuna anayeweza kunitambua kwa kukwama pale jukwaani, kwa sababu sikwami. Ulimi ni ule ule!

Tatizo liko katika jinsi ubongo unavyopanga na kuanzisha usemi. Picha za ubongo zilizopigwa tangu miaka ya 1990 zimeonyesha tofauti ndogo katika njia zinazounganisha sehemu za usemi, hasa upande wa kushoto. Hali hii pia hufuata ukoo. Mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza kuwa wamepata jeni zinazohusika na kigugumizi, baada ya kuchunguza familia za Pakistan, na mwaka wa 2015 wakaongeza jeni nyingine waliyoipata katika ukoo mkubwa wa Kamerun. Kwa hivyo wale wanaosema mtoto alirithi kwa kumwiga mjomba wake wana nusu ya ukweli tu. Alirithi, lakini si kwa kuiga. Wala hakurogwa, wala hakutekenywa sana akiwa mdogo, wala mama yake hakuona jambo fulani akiwa mjamzito.

Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5. Takriban mtoto mmoja katika kila 20 hukipitia, na wengi wao hupona hata bila matibabu. Anayebaki nacho hadi utu uzima ni kama mtu mmoja katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, karibu wanne kwa mmoja. Yaani shule yenye wanafunzi 600 inatarajiwa kuwa na kama sita. Kama hamjawasikia, ni kwa sababu wamejifunza kunyamaza.

Matibabu ya zamani

Siwezi kupita bila kutaja yaliyofanywa zamani, maana ndiyo yanayoonyesha umbali tuliotoka. Mwaka wa 1841 daktari mpasuaji wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alikuwa akiwakata wagonjwa kipande cha shina la ulimi ili wapone kigugumizi. Wakati huo dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Naomba msomaji asimame hapo kidogo ajishike ulimi.

Kisa cha pili kilitokea Marekani, jimbo la Iowa, mwaka wa 1939. Mtaalamu Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, aliamini kuwa kigugumizi huletwa na wazazi wanaomkosoa mtoto anapobabaika kidogo. Mwanafunzi wake, Mary Tudor, akafanya jaribio na watoto 22 wa nyumba ya mayatima mjini Davenport. Baadhi yao walikuwa wakisema vizuri tu, lakini wakaambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi na wasifungue mdomo kama hawana hakika ya kusema sawasawa. Watoto hao hawakupata kigugumizi halisi, lakini baadhi yao walianza kuogopa kuzungumza na kukataa kusoma darasani. Jambo hilo halikujulikana sana kwa umma hadi gazeti lilipolifichua mwaka wa 2001, chuo kikuu kikaomba msamaha, na mwaka wa 2007 jimbo likakubali kulipa dola 925,000. Nadharia ya Johnson ilikuja kukataliwa. Hata hivyo mimi naona jaribio lile la kikatili lilithibitisha kitu kimoja bila kukusudia: ukimwambia mtoto achunge kila neno linalomtoka, unaweza kumnyamazisha hata kama ulimi wake hauna shida yoyote.

Mfalme George wa Sita wa Uingereza naye alikuwa na kigugumizi. Huyu ni baba yake Malkia Elizabeth, yule aliyekuwa hapa kwetu Treetops, karibu na Nyeri, baba yake alipofariki mwezi wa Februari 1952. Mfalme alianza kufundishwa na Lionel Logue, mtu wa Australia, mwaka wa 1926. Filamu ya mwaka wa 2010 imewafanya watu wadhani aliponywa. Hakuponywa. Hotuba zake zilizorekodiwa bado zipo, na unamsikia akisimama, akitulia, halafu akiendelea. Alijifunza kuongea huku kigugumizi kikiwapo, na hilo ndilo jambo ambalo tiba ya kisasa imelifanya kuwa msingi.

Kukimbia maneno

Sasa tufike penyewe. Kwa miaka mingi tiba ya usemi ilikuwa na lengo moja, nalo ni kumfanya mtu aseme bila kukwama hata kidogo. Mgonjwa alifundishwa kusema polepole mno, akiziburura irabu, akigusanisha midomo kwa wepesi. Ndani ya chumba cha mtaalamu ilifaulu ajabu. Mtu aliingia akikwama akatoka akisema kama mtangazaji. Lakini akifika kwa stegi ya matatu, konda anapiga kelele, watu wanasukumana, mbinu yote inayeyuka. Ndipo anarudi nyumbani na mizigo miwili: kigugumizi chake cha zamani, na aibu ya kushindwa na tiba.

Aliyeanza kugeuza mawazo haya ni Charles Van Riper wa Michigan, aliyeishi toka 1905 hadi 1994. Kijana huyu alikwama vibaya hata akaenda kufanya kazi shambani akijifanya bubu na kiziwi ili asizungumze na mtu. Baadaye, kama alivyosimulia mwenyewe, alipewa lifti na mzee mmoja. Mzee akamuuliza jina, Van Riper akapambana nalo, mzee akacheka. Kumbe mzee naye alikuwa na kigugumizi. Akamweleza kijana kuwa yeye sasa amezeeka, hana nguvu ya kupigana na maneno, kwa hivyo huyaacha yajitokee polepole yenyewe. Van Riper akaelewa kwamba anaweza kugugumiza bila kupigana.

Kutokana na hapo alitunga mbinu ambazo hufundishwa hadi leo. Ukikwama kwenye neno, limalize, tulia, halafu lirudie kwa ulaini zaidi. Ukishazoea hilo, jifunze kujinasua ukiwa katikati ya kukwama: badala ya kusukuma kwa nguvu, legeza midomo na uiteleze sauti itoke. Mwishowe unajifunza kulikaribia neno gumu ukiwa umeshajilegeza. Haya yote ni elimu ya sauti ile ile tunayoisoma. Mtu anayejua kuwa /b/ hufungwa kwa midomo anajua pia ni wapi pa kulegeza.

Mwenzake, Joseph Sheehan, alikifananisha kigugumizi na mlima wa barafu unaoelea baharini. Kinachosikika ni ile ncha tu. Sehemu kubwa iko chini ya maji, nayo ni woga, aibu, na hila za kukwepa. Mimi sijauona mlima wa barafu, lakini hizo hila nazijua moja moja. Ya kwanza ni kubadilisha maneno. Pesa inagoma, unasema hela. Polisi anagoma, unasema askari. Wengine husifiwa kwa msamiati mpana, kumbe wanakimbia /p/. Hatari yake ni kwamba maneno hayalingani. Ukitaka kusema kuwa mama amekwenda kwa daktari, ukaikimbia /d/ ukasema amekwenda kwa mganga, darasa zima litajua kwenu mnapiga ramli! Na kuna maneno yasiyo na kisawe. Jina lako ni mojawapo. Ndiyo maana wenye kigugumizi wengi hukwama kwenye jina lao kuliko neno lingine lolote, na anayeuliza hudhani wanadanganya.

Hila ya pili ni kugonga. Nimeshauriwa na wazee wengi nigonge mguu chini ama nipige kidole kila ninapokwama. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na mwanzoni hufanya kazi kwa siku chache kwa sababu unakupoteza mawazo. Kisha nguvu yake huisha, ila mguu hauachi. Sasa unakwama na kugonga juu yake. Kukunja uso, kufumba macho na kutikisa kichwa ambako mnakuona kwa wenye kigugumizi, aghalabu kulianza hivyo hivyo.

Hila ya tatu ni kunyamaza kabisa. Kwa matatu, badala ya kusema shukisha, nagonga bati kwa sarafu. Dukani naashiria kwa kidole. Darasani nasema sijui na hali najua. Hii ya mwisho ndiyo ghali.

Tiba ya kisasa inashughulikia hizi hila kwanza, kabla ya kukwama kwenyewe. Huko Marekani, Vivian Sisskin wa Chuo Kikuu cha Maryland ameendeleza kazi ya Sheehan katika tiba inayolenga kupunguza kukwepa. Swali la mtaalamu si tena umekwama mara ngapi leo, bali je, ulisema ulichotaka kusema? Mtu aliyekwama mara 20 akasema yote aliyokusudia amefaulu kuliko yule aliyesema maneno matatu laini akameza mengine mia. Zoezi moja huwashangaza wengi: mgonjwa hutumwa akagugumize makusudi. Aende dukani, aulize bei ya ma-ma-mafuta kwa hiari yake, amtazame mwenye duka machoni. Akifanya hivyo mara nyingi, woga hupungua, na woga ukipungua misuli hulegea, na kule kukwama kwa nguvu nako hupungua. Wengine husaidiwa pia na tiba ya mawazo, ile ya kuyapima mawazo yako kwa ushahidi. Kwa mfano mtu anaamini kuwa akikwama watu wote watamcheka. Anatumwa akahesabu. Wangapi walicheka kweli?

Jambo jingine linalohimizwa ni kujitangaza mapema. Ukisimama mbele ya watu ukasema wazi kuwa una kigugumizi na utachukua muda kidogo, huna tena siri ya kulinda. Wenye kigugumizi pia hukutana katika vyama vyao, na tangu 1998 tarehe 22 Oktoba ni siku yao ya kimataifa.

Kwa watoto wadogo mambo ni tofauti, kwa sababu bado kuna nafasi kubwa ya kigugumizi kuondoka. Sydney huko Australia walibuni tiba iitwayo Lidcombe, ambapo mzazi hufundishwa kumsifu mtoto nyumbani anaposema vizuri, kwa kiasi na bila kumhukumu. London kuna kituo cha Michael Palin, kilichofunguliwa 1993, ambacho humfundisha mzazi kupunguza mwendo wake mwenyewe, kusubiri, na kumpa mtoto muda wake bila ndugu zake kumkatiza. Uholanzi walilinganisha Lidcombe na njia nyingine inayopunguza yale yanayomlemea mtoto, kwa watoto 199, na matokeo yakatolewa 2015. Baada ya miezi 18, zaidi ya watoto 7 katika kila 10 katika makundi yote mawili walikuwa hawagugumizi tena. Tusisahau kuwa baadhi yao wangepona wenyewe. Lakini hakuna aliyeambiwa afunge mdomo mpaka awe na hakika.

Dawa ya kumeza iliyoidhinishwa kwa ajili ya kigugumizi hakuna. Anayekuuzia anakuibia.

Hapa kwetu wataalamu wa usemi bado ni wachache na wengi wako mijini. Makerere, Uganda, ilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka wa 2008. Nchini Kenya tuna vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanzishwa 1984 chini ya Wizara ya Elimu, na mzazi anaweza kumpeleka mtoto mwenye shida ya kusema akaelekezwa. Wengi hawajui kuwa vipo. Wanadhani ni vya wasioona na wasiosikia peke yao.

Wasikilizaji

Kwa kuwa wataalamu ni haba, sehemu kubwa ya kazi imebaki kwenu mnaosikiliza, na bahati nzuri haihitaji cheti. Kuna kisa mnachokijua katika kitabu cha Kutoka, Musa aliposema hana ufasaha akapewa Haruni amsemee. Nami kila nikikwama huwa kuna Haruni ananimalizia neno. Ninajua ni huruma. Lakini nusu ya wakati neno lenyewe silo nililokusudia, na sasa nina kazi mbili, kukanusha lake na kusema langu. Kuniambia nivute pumzi ama niende polepole pia hakusaidii, maanake hewa ninayo tele, imefungwa tu. Niangalie kama unavyomwangalia mtu yeyote anayezungumza, usubiri. Mara nyingi ni sekunde tatu.

Kwa walimu wetu nina ombi dogo. Kusoma kwa zamu, mmoja mmoja kwa mstari wa madawati, ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa mwenye kigugumizi. Anahesabu aya, anajua yake ni ipi, na kufikia zamu yake hajasikia hata sentensi moja ya hadithi. Kumruka pia si dawa. Mtoto anayerukwa kila siku hujifunza kwamba sauti yake haihitajiki. Afadhali mwalimu amwite kando amuulize angependa vipi: asome wa kwanza woga usikue, ama asome pamoja na jirani yake kwa sauti moja, ama ainue mkono akiwa tayari. Kila mtu ana jibu lake.

Nimebakisha jambo la mdahalo. Kanuni ya chama chetu humpa msemaji dakika tatu, kisha kengele. Mwenye kigugumizi akikwama kwa dakika moja kati ya hizo, amebaki na mbili, na hoja yake ya mwisho hukatwa na kengele. Nimependekeza kwa kamati, kwa maandishi, kwamba msemaji wa namna hiyo akiomba mapema aongezewe dakika moja na nusu, na kwamba mtunza saa asiinue kadi ya onyo mtu akiwa amekwama katikati ya neno. Kuna mjumbe aliyesema huo ni upendeleo. Pendekezo litajadiliwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, siku ya Ijumaa saa kumi kasorobo, kwenye ukumbi wa maankuli, na mimi ndiye nitakayelitetea kwa mdomo. Karibuni nyote, na mje na muda.